Farasi, Maji na Saa: Namna ya Kupanga Matembezi ya Farasi Pwani

Makala haya yanakusudia kueleza jambo ambalo kwa msomaji wa Lubumbashi, Bukavu au Kisangani laweza kuonekana kuwa la anasa tu, nalo ni namna mtu anavyopanga matembezi ya farasi kwenye ufuko wa bahari. Hatukulichagua kwa kuwa twatazamia wanafunzi wetu kununua farasi. Tumelichagua kwa sababu matangazo ya utalii ni miongoni mwa maandishi ambayo mfasiri kijana huombwa kuyatia katika Kiswahili au kuyatoa humo, na tangazo la farasi wa pwani ni mojawapo ya yale yanayomwumbua upesi. Mfasiri hukimbilia kamusi kutafuta jina la tandiko na la lijamu, akidhani kuwa ugumu uko hapo. Ugumu hauko hapo. Uko katika sentensi ndogo ya mwisho, ile isemayo kwamba saa ya kuondoka hubadilika kila siku kwa kufuata maji. Mfasiri wa bara huipita sentensi hiyo mbio, na pengine huiandika vibaya. Na msafiri atakayefuata tafsiri mbaya aweza kujikuta, yeye na mnyama wake, kati ya mwamba na bahari inayorudi.

Neno letu la kwanza, basi, ni maji. Farasi atafuata.

Maana ya pwani

Sisi tulio mbali na bahari twalitumia neno "pwani" kwa maana ya nchi iliyo kando ya bahari, kinyume cha bara. Maana hiyo ni sahihi, lakini ni maana iliyokwisha kupanuka. Shina la neno ni kitenzi -pwa, yaani maji kupungua na kurudi nyuma yakiacha mchanga wazi, likifuatwa na -ni ya mahali. Kwa asili yake pwani ni mahali panapokupwa: ukanda ule ambao asubuhi waweza kuwa uwanja mpana na alasiri ukawa kina cha kuogelea. Neno la Kifaransa tunalolifasiri kwa "pwani" au "ufuko" halina habari hiyo hata kidogo. Hutaja mchanga tu. Neno la Kiswahili limebeba saa ndani yake, na mwenye kulitumia bila kujua hivyo hupoteza nusu ya maana.

Tena tuonye kwamba kwetu Kongo watu wengi hawalitumii neno hili katika mazungumzo. Husema kando ya maji, au kando ya ziwa. Kule Kinshasa neno la Kiingereza lenye maana ya ufuko limekuwa jina la bandari ya kuvukia kwenda Brazzaville, mahali pa mizigo na karatasi za uhamiaji, wala si pa kupumzikia. Na maziwa yetu hayana kupwa wala kujaa kunakoonekana kwa macho. Ziwa Tanganyika hupanda na kushuka kwa misimu na kwa miaka. Watu wa Uvira na Kalemie wanakumbuka vizuri mafuriko ya mwaka 2021 na ya 2024, maji yalipoingia majumbani na kukaa humo kwa miezi. Hilo ni janga kubwa, lakini halihusu saa za siku moja. Mtu aliyekulia Kalemie akiona mchanga mkavu asubuhi hutarajia kuukuta mkavu jioni. Kwenye bahari ya Hindi matarajio hayo ni hatari.

Wenyeji wa pwani hutaja hali nne, na hizo nne zatosha kwa kupangia safari yoyote ya ufukweni. Maji kujaa ni bahari inapopanda. Maji kupwa ni inaposhuka. Bamvua ni siku ambazo maji hujaa sana na kupwa sana. Maji mafu ni siku ambazo tofauti baina ya kujaa na kupwa ni ndogo, kana kwamba bahari imechoka. Mwendo wote huu hutokana na mvuto wa mwezi na wa jua. Mwezi unapoandama, na unapokuwa mpevu, mvuto wa viwili hivyo huwa katika mstari mmoja na kusaidiana. Hapo ndipo penye bamvua, siku hiyo au siku moja au mbili baadaye. Mwezi unapokuwa nusu, mvuto wa jua huupunguzia nguvu mvuto wa mwezi, tukapata maji mafu.

Katika bahari ya Unguja na ya Mombasa, wakati wa bamvua kubwa, tofauti kati ya maji yaliyojaa na yaliyokupwa yaweza kukaribia mita 4. Wakati wa maji mafu hupungua hata kufikia mita 1 na kitu. Kujaa hutokea mara mbili kwa siku. Kutoka kujaa hadi kujaa tena hupita kama saa 12 na dakika 25. Kwa hiyo kila siku saa za maji huchelewa kwa dakika 50 hivi kuliko jana yake.

Hesabu ya mvuvi

Ratiba za maji zilizochapishwa zapatikana bandarini na katika vitabu vya mabaharia. Lakini mzee wa pwani asiyekuwa na karatasi hiyo hakosi kukuambia maji yatakupwa saa ngapi, na hesabu yake yafaa kuelezwa hapa kwa sababu ni elimu iliyohifadhiwa katika lugha yetu wenyewe.

Mzee huyo huhesabu tarehe za mwezi wa mbinguni, zile za kalenda ya Kiislamu. Anajua kwamba kwenye pwani yake, siku za mwezi mwandamo na za mwezi mpevu, maji hujaa karibu na saa 10 alfajiri na hukupwa karibu na saa 4 asubuhi, kisha hujaa tena saa 10 alasiri na kupwa tena saa 4 usiku. Hiyo ni nguzo. Kutoka hapo anaongeza dakika 50 kwa kila siku. Tarehe 17 kupwa kutakuwa karibu na saa 6 mchana. Tarehe 22, yaani wiki moja baada ya mwezi mpevu, kupwa kumesogea hadi saa 10 alasiri, na siku hizo ni za maji mafu. Akirudi nyuma anapunguza: tarehe 13 kupwa kulikuwa kwenye saa 2 na nusu asubuhi. Hesabu hii hukosa kwa nusu saa, pengine zaidi kidogo, wala haitoshi kwa nahodha wa meli kubwa. Kwa mpanda farasi yatosha kumwonyesha siku ya kuchagua. Saa kamili ataitazama katika ratiba.

Sasa tuipime ndoto ya kawaida ya mgeni. Mgeni hutaka kupanda farasi jioni, jua likizama, na ikiwezekana usiku wa mwezi mpevu, mchanga mpana ukimetameta mbele yake. Kwenye pwani tunayoizungumzia mambo hayo hayapatani. Siku ya mwezi mpevu maji hujaa saa 10 alasiri. Jua linapozama karibu na saa 12 yameanza tu kushuka, na sehemu kubwa ya pwani imo chini yake bado. Farasi atabaki na ukanda mwembamba wa mchanga laini na wenye mteremko, karibu na kuta za hoteli na mizizi ya minazi. Anayeitaka jioni na mchanga mpana kwa pamoja hana budi kungoja siku za maji mafu, na siku hizo maji hayaendi mbali. Kwa maoni yetu jioni ya mwezi mpevu ni chaguo baya kabisa, ingawa ndiyo picha inayopendwa na wachapaji wa matangazo. Usiku wa manane ya mapema, kuanzia saa 3, ungekuwa bora kwa upande wa maji. Ila farasi na mashimo ya kaa gizani ni jambo jingine.

Wakati mzuri ni asubuhi ya siku za bamvua au siku mbili tatu kabla yake. Tarehe 15, kwa mfano, mpandaji huondoka saa 2 asubuhi. Maji yamekwisha kushuka kwa zaidi ya saa tatu na yangali yakishuka. Jua halijawa kali. Mchanga ulioachwa sasa hivi una unyevu na umeshikana, nao ndio unaofaa kwato. Anakwenda kwa saa moja, anageuka, anafika kwao saa 4, wakati bahari imefika mwisho wa kupwa na kutulia. Kanuni ni fupi: ondoka maji yakipwa, urudi kabla hayajageuka.

Kwa nini kusisitiza kurudi kabla? Kwa sababu maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Mabaharia hugawa kimo cha kujaa katika mafungu 12. Saa ya kwanza hupanda fungu 1, ya pili mafungu 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Tuchukue bamvua la mita 4. Saa ya kwanza maji hupanda kama sentimita 33, na mtu husema moyoni kwamba nafasi ingalipo. Saa ya tatu hupanda mita 1 nzima, na ya nne mita 1 nyingine. Pwani ikiwa na mteremko mdogo, tuseme mita 1 ya kimo kwa kila mita 50 za urefu, mita hiyo moja ya maji ni mita 50 za mchanga zilizomezwa katika saa moja. Na mara nyingi bahari haiji kutoka mbele tu. Huingia kwanza katika vijito vya nyuma, baina ya mpandaji na ardhi, ikamzungukia kabla hajatambua kwamba njia imekatwa.

Saa sita zenye kupotosha

Hapa ndipo lugha yenyewe inapokuwa sehemu ya usalama, na tungeomba msomaji atulie kidogo.

Ratiba iliyochapishwa hutumia saa za kimataifa, kuanzia 0 hadi 24. Mvuvi, msimamizi wa farasi na dereva wa teksi hutumia saa za Kiswahili, zinazohesabiwa tangu macheo na tangu machweo. Saa 4 asubuhi ya mvuvi ni 10:00 ya ratiba. Wengi wetu wa Kongo, hata tunapozungumza Kiswahili, hutaja saa kwa Kifaransa. Kwa hiyo tunahama kutoka hesabu moja hadi nyingine bila kutambua, na tunapokosea tunakosea kwa saa 6 kamili.

Katika shughuli nyingi kosa la saa 6 hujulikana upesi, kwa sababu huleta upuuzi: hakuna mkutano wa saa 10 za usiku. Lakini baharini saa 6 na dakika chache ndiyo nafasi iliyopo baina ya kupwa na kujaa. Kosa hilo, kwa hiyo, halimpeleki mtu kwenye saa ya ovyo; humpeleka kwenye hali iliyo kinyume kabisa. Aliyeandikiwa "kupwa saa 4" akasoma 16:00 atafika pwani na kukuta bahari imejaa hadi ukingoni. Hilo ni la heri, kwani atauona mlango umefungwa. La hatari ni kinyume chake: aliyeambiwa kwamba saa 10 maji yatakuwa juu, naye akafahamu 10:00, ataikuta pwani tupu asubuhi, ataona kwamba wenyeji hawajui wanalosema, na siku nyingine hatawasikiliza.

Mfasiri, basi, asiandike saa peke yake. Aandike "saa 4 asubuhi" na kando yake "10:00", hata kama mtindo utaonekana mzito. Ni afadhali uzito huo.

Pwani ya kupwa ni mahali pa kazi

Hadi hapa tumeizungumzia pwani kana kwamba ni tupu. Sivyo. Katika vijiji vya mashariki ya Unguja, kama Paje, Bwejuu na Jambiani, bahari ikipwa watu hushuka kazini. Wanawake huokota chaza na kombe, wengine hutafuta pweza katika miamba. Tangu mwaka 1989 upo pia ukulima wa mwani: vigingi vya miti hukitwa mchangani kwa safu, kamba hufungwa baina yao, na vipande vya mwani hufungwa kwenye kamba vikue. Walimaji wengi ni wanawake, nao hufanya kazi hiyo hasa katika siku za bamvua, kwa sababu ndizo siku ambazo maji huwaachia nafasi ya kutosha.

Msomaji ameona tatizo. Siku zilizo bora kwa farasi na saa zilizo bora kwa farasi ndizo siku na saa za mlimaji wa mwani. Tena mgeni aliye juu ya tandiko haoni shamba. Huona vijiti na kamba zilizolala katika maji ya kifundo cha mguu. Farasi akinasa mguu katika kamba huanguka au huvunja safu nzima. Na hata asipoanguka, mwani uliokatika huchukuliwa na maji. Hakuna mtu wa Katanga ambaye angepitisha ng'ombe katika shamba la mahindi la jirani kisha akasema kwamba hakuona ua. Kupanga safari ni pamoja na kupiga hodi: kumwona sheha wa mahali au wazee, kuuliza mashamba yameishia wapi, na kukubali njia watakayokuonyesha, ijapokuwa si nzuri kwa picha. Kwa kawaida watakuelekeza kwenye mchanga mgumu ulio baina ya mashamba na alama ya maji ya juu. Usipande juu ya alama hiyo pia, mahali ambapo kasa hutaga, kwa kuwa mayai yamefukiwa mchangani na uzito wa farasi huyaponda.

Jambo hili halihusu Waswahili peke yao. Mfano ulio mbali, lakini wenye kufundisha, ni Oostduinkerke, kijiji cha pwani ya magharibi ya Ubelgiji, ambako kamba wadogo wa baharini huvuliwa kwa farasi hadi leo. Farasi wazito wa Brabant huingia majini hadi kifuani, hutembea sambamba na ufuko wakikokota wavu wenye umbo la faneli uliotanuliwa kwa mbao mbili. Mnyororo unaoburutwa mchangani huwashtua kamba, wakaruka na kuingia wavuni. Makapu yananing'inia ubavuni mwa farasi. Kazi huanza kama saa moja na nusu kabla ya mwisho wa kupwa na huisha kama saa moja na nusu baada yake. Mwaka 2013 UNESCO iliitia desturi hiyo katika orodha ya urithi usioshikika wa binadamu, na wakati huo zilitajwa jamaa 12 tu zilizokuwa zikiifanya. Mvuvi huyo wa Ubelgiji na mwanamke wa Jambiani hawajapata kuonana, lakini wote wawili wanatawaliwa na saa ile ile ya kupwa, na wote wawili wangemshangaa mtu anayepanga siku yake ya pwani kwa kutazama jua tu.

(Katika pwani hiyo hiyo ya Ubelgiji, mjini Ostende, yupo farasi mwingine anayetuhusu zaidi: farasi wa shaba aliyepandwa na Leopold II tangu 1931, chini yake wakiwa wamewekwa Wakongo wenye kushukuru. Mwaka 2004 mmoja wa Wakongo hao alikatwa mkono na watu waliotaka wapita njia wakumbuke mikono mingine. Na mjini Kinshasa farasi wa mfalme yule yule aliondolewa mwaka 1967, akarudishwa mwaka 2005 kwa muda usiofika siku moja, kisha akaishia katika bustani ya Mont Ngaliema. Wako Wakongo wengi ambao hawajaona farasi mwingine ila huyo.)

Farasi na upungufu wa maneno yake

Kwa nini hatukumwona farasi? Jibu la kwanza ni mbung'o, yule nzi ambaye kuuma kwake huambukiza nagana, ugonjwa ambao David Bruce alionyesha kiini chake katika nchi ya Wazulu mnamo 1895. Jibu la pili ni ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoenezwa na visubi. Katika sehemu kubwa ya Kongo farasi hakuweza kuishi muda wa kutosha apate kuwa sehemu ya maisha ya watu. Leo wapo wachache katika vilabu vya uwanda wa juu wa Katanga, chini ya uangalizi wa daktari.

Kutojulikana kwa sababu hizo kuliwahi kugharimu maisha ya watu. Francisco Barreto, jemadari wa Wareno, alifika Sena, kwenye mto Zambezi, mwishoni mwa mwaka 1571, akiwa na askari na farasi. Farasi wakaanza kufa, na watu pia. Wareno hawakuwa na habari ya nzi wala ya mbu. Walisadiki kwamba wafanyabiashara Waislamu waliokaa Sena, watu wa biashara ile ile ya pwani iliyokikuza Kiswahili, walikuwa wametia sumu. Waliwaua kwa mateso. Vifo havikukoma, na Barreto mwenyewe alifia Sena mwaka 1573.

Pwani na visiwani hali ilikuwa nafuu. Masultani wa Unguja walifuga farasi wa Kiarabu, na farasi wawili walikuwamo katika zawadi ambazo Sayyid Said alizipeleka Marekani kwa merikebu yake mwaka 1840. Binti yake Salme, aliyekuja kuitwa Emily Ruete, ameeleza katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886 jinsi watoto wa jumba walivyofundishwa kupanda wanyama. Lakini farasi alikuwa mnyama wa jumba la kifalme. Mnyama wa watu alikuwa punda, na msamiati wa kupanda umetoka zaidi kwa punda.

Ndiyo maana maneno yenyewe yanatoka Uarabuni au yanaazimwa kwa punda. Farasi, lijamu ya mdomoni na hatamu ya kuongozea yana asili ya Kiarabu. Matandiko ni neno la Kibantu linalotumika pia kwa kitanda. Kikuku, kile cha kukanyagia, ni jina la pambo la mguuni lililopewa kazi mpya. Mtunza farasi huitwa saisi. Kuhusu mwendo, kamusi zina matiti kwa mwendo wa kudundadunda, telki kwa mwendo wa haraka ulio laini, na shoti kwa mbio kamili. Mfasiri ayatumie bila haya, lakini tungemshauri aongeze maelezo mafupi mara ya kwanza, kwa kuwa msomaji wa Goma akikuta "kwenda matiti" atafikiri jambo jingine kabisa. Tena ajihadhari na mpunda wa Kilingala, ambaye kwa wasemaji wengi ni farasi, hali punda wa Kiswahili siye. Mgeni aliyeahidiwa farasi akaletewa punda atakuwa na haki ya kulalamika.

Kumwandaa mnyama

Yaliyobaki yahusu mnyama mwenyewe. Aulizwe kwanza kama amezoea bahari. Farasi asiyeizoea huogopa povu linalomkimbilia miguuni, na wimbi linaporudi hudhani kwamba ardhi inateleza. Mpandaji mgeni naye hupatwa na kizunguzungu hicho hicho akitazama chini. Mara ya kwanza huenda na mwenziwe mzoefu, maji yakiwa yametulia, bila kulazimishwa. Uzito wa mpandaji pamoja na matandiko usizidi sehemu moja ya tano ya uzito wa farasi: farasi wa kilo 450 hachukui zaidi ya kilo 90. Katika mchanga mkavu na wa kina atembezwe tu, maana kano za miguu huumia humo. Mbio ni za mchanga wa unyevu, na baada ya njia hiyo hiyo kupitiwa kwa mwendo wa pole ili mashimo na mawe yajulikane. Upepo nao uhesabiwe. Wakati wa kusi, katikati ya mwaka, ufuko unaotazama kusini-mashariki hupigwa na upepo mkali unaorusha mchanga machoni mwa mnyama, na mawimbi huleta majani mengi ya bahari. Wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba, ufuko ule ule huwa mtulivu, ila joto ni kali zaidi.

Farasi asinywe maji ya bahari, ijapokuwa ana kiu. Na kwa siku ya joto hunywa lita 40 au zaidi. Kwa hiyo maji ya kunywa yawekwe tayari mahali pa kurudia kabla ya safari kuanza. Baada ya safari chumvi ioshwe miguuni, tumboni na mahali palipokaa tandiko, la sivyo ngozi huchubuka. Ngozi ya matandiko nayo hukauka na kupasuka ikiachwa na chumvi. Katika ratiba ya safari kazi hii huandikwa kwamba farasi aoshwe kwa maji baridi. Hapo mfasiri wa bara aangalie tena: maji baridi ya mtu wa pwani ni maji ya kisima au ya mvua, yasiyo na chumvi, hata kama yamekaa juani tangu asubuhi.